Kubandika si Kuunga

Omondi mwanangu,

Umetoka kwenda Kombewa kuwaaga wenzako, nami nimekaa mlangoni mwa jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, kwa sababu kurasa za nyuma hukuzitumia. Jua bado liko juu ya ziwa. Nina nafasi mpaka urudi.

Mambo ya safari sitayaandika. Blanketi umelifunga mwenyewe, viatu umevipaka rangi mwenyewe, na mwanamume wa miaka ishirini na mmoja hahitaji mama wa kumwambia namna ya kulala kwenye gari moshi. Mombasa kuna joto, kila aliyefika anasema hivyo. Utajua la kuvaa. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba mwaka mzima kama mtu aliyebeba mtungi wenye ufa: unavuja kila hatua, mgongo umelowa, na bado ninawaambia watu njiani kwamba ni jasho.

Ni jambo la Akoth, mke wako. Juzi ulisema mbele ya baba zako wadogo kwamba unaondoka kwa sababu nyumba yako imekufa, kwamba mwanamke alikuacha bila neno, na mtu aliyeachwa hivyo hana cha kurudia. Mimi nilikuwa nawapakulia samaki. Niliendelea kupakua. Mwanangu, neno ambalo Akoth hakukuambia ninalo mimi.

Lakini wacha nianzie mbali, na wacha nijisifu, maana nisipojisifu utadhani barua hii imeandikwa na mtu mwingine.

Kutoka hapa hadi soko la Kibuye hakuna mwanamke anayefinyanga kama mimi. Wewe mwenyewe umeona. Wenzangu wanapanga vyungu vyao na kuita wateja mpaka koo linakauka. Mimi nilikuwa nakaa tu juu ya gunia langu, miguu nimeikunja, wateja wananifuata. Wanagonga kwa kidole, ngo, ngo, chungu kinaitika kama kengele ya kanisa. Hata siku hizi za sufuria, mtu ananunua sufuria yake inayong'aa, baada ya mwezi anarudi: "Mama Omondi, maji ya sufuria hayana baridi." Na barua ni hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini ukoo huu mzima, barua zao za kwenda Nairobi na Kampala niliziandika mimi, na hakuna iliyorudi. Kiswahili changu ndicho hiki. Kijaluo changu mnakicheka, na Kikikuyu changu hukukitaka.

Basi. Nimejisifu. Sasa nikuambie kwamba mkono huo wote niliousifu si wangu. Ni wa Dani, nyanya yako.

Unaijua desturi ya huku, ila huenda hujawahi kuifikiria, kwa sababu wewe ni mwanamume na udongo haukukuhusu. Katika nyumba za wafinyanzi, binti wa nyumba hapewi ujuzi wote. Binti ataolewa, atapeleka mkono wa kwao kwa watu wengine. Anayefundishwa ni mke aliyeletwa. Mama mkwe anamkalisha chini, anampa udongo, na siku chungu chake cha kwanza kinapotoka motoni kizima, ndiyo siku amekuwa mtu wa boma hilo. Si siku ya harusi. Ng'ombe wanaweza kupelekwa, padri anaweza kubariki, lakini chungu ndicho kinachojibu.

Sasa fikiria mimi. Baba yako alikuwa mtu wa reli; alinikuta Thika, akanipeleka Kaloleni, Nairobi, na hapo ndipo nilipokuzaa. Ulipokuwa na miaka minne akaniambia, "Njeri, mama hakujui. Mke asiyejulikana na mama yangu bado ni mgeni wangu tu." Akatuleta hapa. Nilifika na wewe mgongoni na sanduku kichwani, na Kijaluo sikijui, isipokuwa maneno mawili matatu niliyofundishwa na wanawake wa bombani Kaloleni. Nikamsalimia Dani kwa mojawapo, kwa heshima zote, nimepiga na goti. Kumbe ni tusi. Baba yako akatazama viatu vyake. Dani akanikodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Huyu," akamwambia baba yako, "huyu tutamuweza."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kibuye, cha kuuzia vyungu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwa maneno machache kama yeye. Chungu changu cha kwanza nilikipandisha vizuri kabisa, kwa macho yangu. Unajua tunavyofanya: unauviringisha udongo uwe kama kamba nene, unaizungusha kamba iwe pete, unaiweka ukingoni, pete juu ya pete, mpaka chungu kinapanda. Nikazipanga zangu, nikazibonyeza, nikapitisha mkono wenye maji, kikang'aa kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta. Nikamwita.

"Mama, nimeunga."

Akakizunguka mara moja. "Hapana unga. Wewe nabandika."

"Nimeunga, Mama. Tazama, hakuna hata alama."

"Alama hapana kaa nje."

Akachomoa uzi wa nyavu kwenye paa, akaushika kwa mikono miwili, akakikata chungu changu toka juu mpaka chini kama mtu anayekata ugali. Nusu zikalala huku na huku. Na ndani ya ukuta wa chungu, Omondi, mistari ilionekana yote, moja, mbili, tatu, nne. Kila pete imemkalia mwenzake na haijamjua.

"Ona," akasema. "Hii nalala juu ya hii. Moto nakuja, hii naenda kwao, hii naenda kwao. Hiyo ndiyo bandika."

Kisha akanishika kidole gumba, akakizamisha ndani ya chungu chake mwenyewe, mkono wake juu ya wangu. Unakwaruza ukingo kwanza. Unaulowesha. Unaweka pete. Halafu kidole gumba kinaingia ndani na kuuvuta udongo wa juu ushuke, na vidole vya nje vinauvuta wa chini upande, mpaka huu umeingia katika huu, na wewe uliyeiweka hujui tena pete ilianzia wapi. Kazi kubwa iko ndani. Mtu aliyeketi mbele yako haoni kitu. Anaona mkono umezama na bega linatikisika.

"Hii ndiyo unga. Sasa pete hapana iko. Iko chungu tu."

Kwa mtu wa haraka, maneno hayo mawili ni mamoja. Ukibandika, vitu viwili vimekaa pamoja. Ukiunga, hakuna tena viwili. Na kibaya ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha. Chungu kilichobandikwa kinapendeza hata kuliko kilichoungwa, maana hakijasumbuliwa. Ni moto unaokuja kuuliza.

Moto wangu mimi ulikuja ukiwa na miaka kumi na miwili. Baba yako alikuwa amelala kaburini miaka minne. Ni mwaka ule watu wa kwetu na watu wa huku walipoanza kutazamana vibaya mjini, maduka ya watu wa kwetu yakafungwa pale Kisumu, wengi wakapanda basi na magodoro yao wakarudi juu. Unakumbuka nilikuzuia kwenda shule wiki nzima nikakuambia kwa jirani kuna tetekuwanga? Haikuwa tetekuwanga.

Wanawake watatu walikuja hapa, mbele akiwa mke wa seremala. Hawakujificha, walisema nikiwa nimekaa pale pale nachambua mboga.

"Mama, huyu mtu wa Kiambu unamweka wa nini? Mwanao hayuko. Mpe nauli aende kwao."

Dani aliingia ndani, akatoka na chungu nilichokichoma wiki ile, akakiweka mapajani mwa mke wa seremala.

"Nitafutieni pete ya tatu," akasema kwa Kijaluo.

"Pete gani, Mama?"

"Ya tatu toka chini. Ioneni, muitoe, na chungu kibaki. Mkiweza hivyo, na huyu nitamtoa leo."

Wakapitisha vidole nje, wakapitisha ndani. Mke wa seremala, mwenye mdomo wake, akasema, "Mama, hapa hakuna pete. Kuna tumbo tu, kama lako." Wakacheka. Dani naye akacheka. Wakaondoka, na yule mwenye mdomo akaondoka na chungu changu bila kuniuliza, na mimi kwa furaha sikumdai. Tangu siku hiyo Dani hakuniita tena nyar Kiambu, binti wa Kiambu. Aliniita *nyarwa*, binti yetu. Alilisema mbele ya watu, na kwa sauti kubwa, mpaka siku aliyokufa.

Nimekuandikia haya ili ujue nilipewa nini. Sasa nikuambie nilichofanya nacho.

Ulipomleta Akoth kutoka Uyoma, nilimpenda. Usifute hilo katika hasira zako, maana ni kweli. Alikuwa na mikono mirefu, na alikuwa anacheka akianza kwa pua. Alinipikia uji siku ya kwanza na kuuweka chumvi badala ya sukari kwa hofu, na nikaunywa wote, nikamwambia kwetu Kiambu ndivyo tunavyounywa. Wewe uliniona nikiunywa. Mimi ndiye niliyesema mbele ya wote, "Huyu nitampa mkono wa Dani."

Halafu tukaenda naye Kibuye. Nilimketisha kando yangu juu ya gunia langu lile. Na wateja, watu wangu wa miaka kumi na mitano, wakaanza kuzungumza naye. Kijaluo kitamu, cha haraka, cha mafumbo, kile ambacho mimi mpaka leo nakifuata kwa nyuma kama mtu anayekimbilia basi. Walicheka mambo ambayo sikuyashika. Mwanamke mmoja, mgeni kwangu, akaokota chungu changu, changu mimi, akamwambia yeye, "Nyar Uyoma, mkono wako mzuri."

Akoth akasema, "Si wangu, ni wa mama."

Yule akanitazama. "Na mama ni wa wapi?"

"Ni mama yetu," Akoth akasema, "lakini ni mtu wa huko juu."

Hakusema kwa ubaya. Ningekuwa na akili ningecheka. Lakini lile "lakini" liliniingia, Omondi. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimesahau mahali pete yangu ilipoanzia, na msichana wa miaka kumi na minane akaweka kidole hapo hapo, bila kujua. Nikajiambia: akishajua kila kitu, watu watanihitaji mimi wa nini? Ana lugha, ana ukoo, ana mikono mirefu. Akiwa na mkono wa Dani pia, mimi nitarudi kuwa mtu wa Kiambu ambaye mume wake yuko kaburini.

Basi nilimfundisha Akoth kila kitu isipokuwa kidole gumba cha ndani.

Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Nilimpeleka bondeni kuchimba udongo. Nilimfundisha kuutwanga, kuuchanganya na vigae vilivyosagwa, kuuviringisha, kulainisha kwa kipande cha kibuyu. Yeye akiwa mbele yangu, nilipanga pete, nilibonyeza, nilipitisha maji. Vyangu niliviunga asubuhi, akiwa ameshuka ziwani kuchota maji. Akirudi anakuta vimekwisha. "Mama, wewe una haraka!" anasema, na kunisifu. Mimi napokea sifa.

Vyungu vyake vya kwanza vilipochomwa vilipasuka vyote. Ufa ulivizunguka kiunoni, kama mtu amevifunga mshipi. Aliokota vigae akiwa amepiga magoti, na bado vina moto.

"Mama, ni nini?"

"Ni upepo," nikasema.

Mara ya pili nikasema ni kuni. Kati ya mara ya pili na ya tatu ndipo mimba yake ilipoharibika. Wewe ulikuwa Kisumu kazini. Ulikuja, ukakaa siku tatu, ukarudi. Mimi ndiye niliyemwosha. Nilimlaza mapajani mwangu, nikamwimbia kwa Kikikuyu, lugha ambayo hakuielewa, akalala. Usiku ule niliapa nitamwonyesha kidole gumba. Asubuhi nikaona ni mapema mno, bado mgonjwa. Wiki iliyofuata nikaona nimechelewa mno, ataniuliza kwa nini sikusema mwanzo. Mwanangu, nimeishi kati ya "mapema mno" na "nimechelewa mno", na sikuwahi kuiona siku iliyokuwa katikati.

Akafinyanga mara ya tatu. Vinne. Wanawake walikuja kusaidia kuwasha moto kama kawaida. Tuliposikia vinalia ndani ya majani yanayowaka, pa, pa, kila mtu alijua. Na mke wa seremala, yule yule, akasema polepole, lakini si polepole ya kutosha:

"Tumbo halishiki. Chungu hakishiki."

Akoth alisikia. Alisimama na fimbo yake ya kuchokolea moto, akanigeukia mimi. Hakuwatazama wao; alinitazama mimi. Alikuwa anangoja. Nami nilikuwa na chungu changu mapajani, Omondi, nilikuwa na maneno ya Dani mdomoni tayari yamepangwa. Nitafutieni pete ya tatu. Ningeweza kusema neno moja dogo tu: kosa ni langu, sikumfundisha kuunga.

Nikasema, "Labda ni mkono wako, mama."

Nilimwita "mama" kwa upole, kama tunavyowaita wasichana tunaowapenda. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Wewe ulipokuja mwisho wa mwezi ukaniuliza mambo yanaendaje, nilikuambia, "Nimemfundisha, hataki kusikia." Ukaenda ukamrudishia maneno hayo. Najua ulimrudishia kwa sababu siku ya pili alinijia mlangoni na kipande chake cha kibuyu na jiwe lake la kulainishia, ameviosha vizuri, ameviweka juu ya jani la ndizi. Akapiga goti.

"Mama, ahsante kwa kunifundisha," akasema.

Nikadhani ni adabu. Alipofika kwenye ua hakugeuka, akashika njia ya kwao Uyoma.

Wiki moja baadaye nilikwenda nyuma ya ghala kutafuta kuku anayeatamia, nikaona gunia bichi limefunika kitu. Nikafunua. Chungu. Kidogo, cha kupikia mtu mmoja, hakijachomwa, bado kina ubichi. Kazi yake, niliijua kwa midomo yake, alikuwa anaikunja nje kidogo kama sikio. Nikakigeuza. Nikapitisha kidole. Lakini nilishajifunza kwamba nje hakusemi kitu, na mkono wangu haukunisikiliza. Nikaingia ndani, nikachukua kisu, nikakikata toka juu mpaka chini.

Hapakuwa na mstari.

Hata mmoja. Ukuta mzima ulikuwa kitu kimoja, kama ulichongwa kwenye udongo tangu Mungu alipouweka bondeni. Alikuwa amejifunza peke yake. Labda aliokota vigae vyake, akaona mahali vinapoachana, akafikiria. Labda siku moja aliwahi kurudi kutoka ziwani mapema, akaona bega langu likitikisika. Sijui. Najua tu kwamba siku alipopiga goti mlangoni alikuwa anajua kuunga kuliko mimi nilivyojua baada ya mwaka, na alikuwa anajua nilichomficha. Angeweza kukichoma chungu kile mbele ya wote akanivunja uso. Angeweza kukuambia wewe. Hakukuambia. Alinishukuru, akaenda kwao.

Na mimi, ili nijue, nilikikata chungu pekee ambacho mke wako alikiunga katika boma hili.

Nilijaribu kukirudisha. Mwaka mzima huu uliponiona nimekaa nyuma ya ghala ukadhani naomba, nilikuwa na nusu zile mbili. Nilizikwaruza. Nilizilowesha. Nilitia udongo mpya katikati, nikavuta kwa kidole gumba ndani, nikavuta kwa nje, kwa mkono huu niliousifu. Jioni zinashikana, asubuhi nakuta zimelala mbalimbali. Udongo uliokauka haupokei udongo mbichi. Dani aliniambia hivyo zamani, na nilikuwa nawaambia wengine kwa majivuno, kama siri ya ufundi. Kuna wakati wa kuunga, ukipita, kazi yako yote ni kubandika tu.

Sijui kama wewe na Akoth mmekwisha kukauka. Sikukuandikia ili nikupe tumaini. Mimi mwenyewe silioni. Jumapili iliyopita mwanamke wa Uyoma anayeuza omena aliniambia kuna mzee wa Asembo, amefiwa na mke, ametuma watu kwa kina Akoth. Hakujua wamejibiwa nini. Nikamwuliza Akoth yukoje. Akasema, "Anafinyanga. Vyungu vyake vinatoka Uyoma mpaka Ndori. Lakini hacheki." Nikafunga vitu vyangu saa nne asubuhi, nikaondoka sokoni. Wateja walidhani naumwa.

Neno moja lako wewe, na nisamehe, mimi si wa kumwambia mtu kitu. Ulipopata habari ameondoka, ulikuja kwangu. Uliniuliza mimi. Hukwenda Uyoma kumwuliza yeye. Ulikaa ndani ya nyumba yako, ukangoja arudi, ukasema mwanamke anayetaka kurudi njia anaijua. Baba yako naye alikuwa na tabia hiyo, ya kukaa kando ya mtu na kuhesabu kwamba mko pamoja. Hukujifunza kwake tu. Ulijifunza kwangu pia. Tuliishi watatu katika boma moja, tulikula sahani moja, na kila mtu alikuwa na ukingo wake mzima.

Nilifikiri nikufichie barua hii. Niliweka mpango mzuri: niikunje ndani ya shati jeupe, uikute Mombasa, siku ya Jumapili unavaa kwenda kanisani, na mimi niko mbali, na maji yamekwisha kumwagika. Kesho asubuhi ningekupeleka kwenye basi, ungenikumbatia, ungesema "Mama, jitunze," nami ningepokea, kama nilivyopokea sifa za Akoth. Ungepanda gari moshi la Kisumu ukiwa bado mwanangu. Nilitaka hiyo siku moja, Omondi. Nilikuwa nimeshalifungua blanketi lako kutafuta shati.

Nimelifunga tena blanketi. Barua nitakupa mkononi ukirudi kutoka Kombewa, kabla hujanawa, pamoja na nusu moja ya chungu. Ingiza kidole gumba, pitisha ndani, kutoka chini hadi juu. Hutaona mstari. Hiyo ndiyo kazi ya mke wako, wala mkono wake haukuwa na kosa lolote. Hata kama hutamwona tena, wewe ujue, na ukiweza kulisema neno hilo mbele ya mke wa seremala na wenzake, ili lifike Uyoma, mimi nitasimama hapo hapo nilisikie. Nusu ya pili inabaki kwangu.

Basi la kwenda Kisumu linapita saa kumi na mbili. La kwenda Asembo, unakoshukia kwa safari ya Uyoma, linapita mapema zaidi, upande wa pili wa barabara. Sikuchagulii. Mimi nilikwisha kukuchagulia mara moja.

Samaki wako tayari, wa nazi ya Mombasa bado hujawaonja, hawa ni wetu, wa nyanya na kitunguu. Maji ya ugali yako motoni, lakini unga sijautia. Nitausonga ukishamaliza kusoma. Nisipokusikia ukiniita, nitaiepua sufuria, nijue umesoma mpaka hapa na hutaki chakula changu.

Mama yako,
Njeri